Hewa ya Kisima cha Kathuri

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti lake jeupe la kazi, Lydiah alifungua mfuko aliofungashiwa na mama mkwe wake huko Mitunguu. Akatoa chane la ndizi. Akatoa nduma nne zenye udongo. Chini kabisa akatoa chupa mbili za maabara zilizoviringishwa gazeti, na alipolibandua lile gazeti akabaki mdomo wazi. Chupa zilikuwa zimejaa maziwa.

Maziwa, jamani! Tena si tone la bahati mbaya. Yalikuwa yamechemshwa, yakapozwa, yakamiminwa hadi shingoni, na utando wa mafuta umeshaganda juu. Vizibo vya mpira vilikuwa vimekazwa, vikafungwa na karatasi ya nailoni ili visivuje garini. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye upendo, na hilo ndilo lililozidi kumchoma. Alizisimamisha chupa mezani, akachukua simu.

"Mama, zile chupa niliacha juu ya kabati, nani alizifungua?"

"Ni mimi, mwari wangu. Umefika salama? Hayo maziwa ni ya ile ng'ombe ya kichwa nyeupe."

"Mama, zilikuwa na kitu ndani."

"Hapana. Niliangalia. Zilikuwa tupu kabisa. Nikaziosha na maji moto, maana zilikuwa zinanuka dawa."

"Si nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu zisifunguliwe?"

"Niliona umeandika, lakini ndani hakukuwa na kitu cha kufungiwa. Sasa ningekuacha uende na chupa tupu, kama mtu amefukuzwa?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Katika boma lile chombo hakijawahi kutoka kitupu. Jirani akileta unga kwa sufuria, sufuria inarudi na maharagwe. Hata mkebe wa rangi ulioazimwa ulirudi na mayai. Lydiah mwenyewe, mzaliwa wa Kianjokoma, alilelewa hivyo hivyo, na alikuwa msomi wa kutosha kujua kwamba chupa yenye hewa si tupu, lakini si msomi wa kutosha kukumbuka kuificha. Akashukuru kwa maziwa, akakata simu, akapiga meza kwa kiganja hadi kikamuuma.

Ndiyo, ilikuwa hewa. Usicheke, hewa hiyo ilikuwa na kazi. Juma lililotangulia, siku ya Jumanne, mchimba visima mmoja aitwaye Mwiti aliteremka katika kisima kipya cha jirani yao Kathuri, kina cha futi sitini, na hakupanda. Aliyeshika kamba juu alikuwa Murungi, mume wa Lydiah, aliyetahiriwa pamoja na Mwiti na kukua naye. Daktari aliandika kwamba marehemu alikosa hewa. Damu ikapelekwa Nairobi, na watu wakaambiwa wasubiri miezi mitatu au zaidi. Nani amewahi kufa akiwa na hewa? Ndivyo ndugu zake Mwiti walivyouliza, na kwa kuwa hawakuwa na subira ya miezi mitatu, wakajitafutia jibu lao. Asubuhi ile Mwiti alikunywa uji wa mkewe, Karwirwa. Basi Karwirwa amemtilia kitu.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jioni hiyo hiyo mashemeji waliwachukua watoto watatu wa Karwirwa, wakawapeleka kwa shangazi yao, wakatia kufuli jikoni mwake. Wazee wa ukoo wangekaa Jumamosi inayofuata waamue kama mjane atarudi kwao na nguo zake mwilini, bila watoto. Chifu, ambaye si mtu mbaya ila anapenda sana karatasi, alisema jambo moja tu la maana: bibi ya Murungi anafanya kazi chuo cha Embu, akileta karatasi inayoonyesha kisima kilikuwa na hewa gani, mkutano utaisikiliza. Lydiah akamshika Karwirwa mikono miwili. "Nitakuletea jibu, mama," alimwambia. Jumapili baada ya ibada akainua pembe ya mbao zilizofunika kisima, akateremsha mpira mwembamba hadi chini, akavuta hewa kwa pampu ya mkono, akaziba chupa mbili. Hizo ndizo zilizooshwa.

Moyoni alikuwa na hakika atakachokuta. Ardhi ya upande ule ina mawe meusi ya volkano, na ardhi kama hiyo huweza kutoa hewa ukaa ikatuama ndani ya shimo. Hapo hapangekuwa na mwenye makosa. Lilikuwepo swali la injini pia, maana Murungi ana pampu ya petroli ya kunyunyizia migomba, na polisi walimuuliza kama aliiteremsha kisimani kunyonya maji. Injini ikinguruma ndani ya shimo huacha kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Murungi alisema hapana, walichota kwa ndoo. Lydiah alimwamini. Asipomwamini mumewe, amwamini nani?

*

Mkuu wa maabara, Daktari Ishmael, alikuwa akinywa chai ofisini.

"Daktari, naomba ruhusa ya siku moja nirudi Meru."

"Si umetoka huko jana?"

"Sampuli zangu ziliharibika."

"Ziliharibika namna gani?"

Lydiah akasema ukweli, na huo ukawa msiba wa pili. Daktari Ishmael alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. "Ruguru!" akamwita karani wa ofisi ya pili. "Hebu kuja usikie. Lydiah, rudia. Rudia hapo kwa ng'ombe."

Akarudia. Ruguru alicheka kwa aibu, mkono mdomoni, huku akimtazama Lydiah kwa macho ya kuomba radhi.

"Haya," Daktari alisema akijifuta machozi. "Ruhusa hakuna. Wanafunzi wana mtihani wa vitendo wiki yote. Na hata ukipata sampuli, utazipitisha wapi?"

"Kwa Jisii."

Hivyo ndivyo walivyoiita ile mashine ya kutenganisha gesi, kwa herufi zake mbili.

"Na heliamu? Mtungi uliobaki ni wa wanafunzi wa uzamili. Isitoshe, wewe ni teknishia, Lydiah. Kuchambua kuna wenyewe. Andika barua ya maombi."

"Niiandikie nani?"

"Mimi."

"Lakini niko hapa mbele yako, Daktari."

"Barua, Lydiah."

Miaka kumi na mmoja Lydiah ameihudumia mashine hiyo. Neli zake zikishika unyevu ni yeye anayezichoma moto usiku kucha hadi zikauke. Ikigoma, Daktari Ishmael mwenyewe humwita kwa sauti ya upole asiyoitumia siku nyingine. Sasa alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, akaandika kwa unyenyekevu kuomba aiguse. Jibu lilirudi Jumatano na maneno mawili matatu chini ya barua yake: Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, sindano nne tu, ya tano isiwepo.

Tangu Jumatatu jioni alikuwa amempigia Murungi, amelia kwenye simu bila kujizuia.

"Wacha kulia, Mama Kendi," Murungi alimwambia. "Wewe kaa na kazi yako. Nitumie hivyo vitu, nitajaza mwenyewe."

"Utaweza?"

"Kwani ni kupaa angani? Ni kuvuta hewa."

Akamtumia kwa gari la mizigo mifuko mitatu yenye bomba dogo la kufungia, mifuko ambayo hata Mama asingeweza kuitia maziwa. Akaiandika kumi, thelathini, sitini, kwa futi za kwenda chini. Akamsihi asitoe mbao zote, asiingize kichwa, ainue pembe tu. Murungi akasema amesikia. Usiku huo Lydiah alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kifo, akamshukuru Mungu kwa mume asiyehitaji kubembelezwa.

*

Ijumaa Murungi alifika amevaa koti lake la kanisani, mifuko mitatu imetuna ndani ya kikapu. Lydiah akamkalisha kwenye benchi la ukumbini, akamletea chai na mandazi mawili, akajifungia na mashine.

Kazi yenyewe si ya ajabu kwa anayeijua. Unavuta hewa kidogo kwa sindano, unaidunga mashineni, na heliamu inaisukuma ndani ya neli ndefu nyembamba iliyoviringwa, iliyojaa punje ndogo. Gesi hazitembei mwendo mmoja humo. Oksijeni hutangulia, nitrojeni hufuata, na nyuma kabisa, kama ipo, hujikokota kaboni monoksidi. Hewa ukaa hupewa neli yake ya pili, kwa sababu ikiingia ya kwanza hunasa isitoke. Mwisho wa safari kuna waya wa moto unaohisi kila kinachopita, na kompyuta inachora kilima. Kila gesi na kilima chake, kila kilima na dakika yake.

Sindano ya kwanza aliijaza hewa ya nje ya dirisha, ili awe na cha kulinganisha. Ya pili mfuko wa futi kumi. Ya tatu thelathini. Alipofika kwenye sitini akaomba kimya, si kwa ajili ya Karwirwa, tuseme ukweli, bali kwa ajili ya nyumba yake. Kilima cha oksijeni kikapanda kikashuka. Nitrojeni ikapanda ikashuka. Kisha mstari ukanyooka, ukaenda, ukaenda, hadi dakika ya kaboni monoksidi ikapita na mstari haujainuka hata unywele.

"Hakuna!" alisema kwa sauti. "Asante Yesu, hakuna!"

Alicheka peke yake. Akachapisha karatasi zote nne, akatafuta sasa kilima cha hewa ukaa, kile alichokuwa na hakika nacho. Hakikuwepo. Futi kumi hakikuwepo, thelathini hakikuwepo, sitini hakikuwepo. Alizipanga karatasi moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likazipenya. Vilima vililaliana vyote vinne, mstari kwa mstari. Juu ya kisima, katikati na chini kabisa, hewa ilikuwa moja, na ilikuwa hewa ile ile ya nje ya dirisha lake.

Hata shimo la takataka lina hewa yake. Kisima cha futi sitini, kilichofunikwa mbao na nailoni, ambacho mtu amefia ndani, hakiwezi kuwa na hewa safi kama ya uwanja wa mpira. Lydiah alikaa chini polepole.

Mlango ukafunguliwa, Daktari Ishmael akaingia akijichokoa meno. Akaziangalia karatasi zile pale kwenye kioo.

"Kazi safi sana hii! Tazama mstari ulivyotulia. Kwa hivyo kisima hakina neno?"

"Daktari, hizi sampuli..."

"Nilidhani utaniletea fujo za polisi hapa. Lete." Akaichukua ile ya futi sitini, akatoa muhuri wa idara mfukoni, akaugonga chini ya vilima, akatia sahihi. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuweka muhuri kwenye kazi ya Lydiah. "Ukiwa mtulivu unaweza, unaona?" akasema, akatoka.

*

Lydiah alimkuta Murungi nje, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo.

"Imesema nini?"

"Ulijazia wapi, Baba Kendi?"

"Kisimani. Si uliniambia kisimani?"

"Futi sitini?"

"Futi sitini."

"Na hewa ikawa kama hii tunayovuta hapa?"

"Hayo uliza mashine. Mimi nilibeba tu."

"Murungi." Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto wao azaliwe, miaka kumi na mitano sasa. "Nitazame. Ulijazia wapi?"

Murungi alitazama viatu vyake. "Uani," akasema mwisho. "Nyuma ya zizi. Nilienda hadi kwa Kathuri na mpira wako, naapa nilienda. Nikashindwa."

"Mliiteremsha injini."

"Jumatatu jioni. Mwiti mwenyewe ndiye alichimba mahali pa kuikalisha, ndani kwa ukuta. Ikavuta maji masaa mawili, tukaitoa, tukafunika ili watoto wa Kathuri wasitumbukie. Asubuhi akaingiza kichwa, akasema hakuna moshi. Mimi ningejuaje? Wewe ndiye unajua mambo ya gesi!"

"Ungeniuliza! Simu unayo!"

"Kuuliza nini? Kila mtu Mitunguu anafanya hivyo." Sauti yake ikakatika. "Nikifungwa, Kendi atasoma na nini? Mama atakuja kuniona jela na ile miguu yake inayomuuma? Mwiti hatafufuka."

"Na Karwirwa?"

"Karwirwa ana kwao. Watu wanarudi kwao na hawafi."

"Watoto je?"

Murungi alinyoosha kidole kuelekea ile karatasi yenye muhuri. "Hiyo haina uongo. Soma vile imeandikwa, ukae chini. Hakuna mtu atakuuliza zaidi. Na kisima chenyewe Kathuri alianza kukijaza udongo jana, hakuna tena cha kupima."

Lydiah alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, maana alikuwa ameanza kulia, na hakuwa amemwona akilia tangu wafahamiane. Kilichomuudhi kupita yote ni kwamba Murungi alisema kweli kuhusu karatasi. Hapakuwa na tarakimu moja ya uongo pale. Hajawahi kufanya uchambuzi safi kuliko ule maishani mwake.

*

Jumamosi watu walikaa kwenye uwanja wa kanisa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja. Karwirwa alipewa kiti cha plastiki katikati, peke yake, amejifunga leso kichwani, mikono ikiwa mapajani. Hakuna mwanamke aliyekuwa amesogeza kiti karibu naye. Murungi alikaa na wenzake wa rika. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele, na alipomwona Lydiah akamtengea nafasi.

Chifu alivaa miwani, akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Iko na muhuri," akawatangazia. "Sasa hii milima ndiyo nini, mwalimu?" Kwake kila mtu wa chuo ni mwalimu.

"Wa kwanza ni oksijeni. Wa pili nitrojeni."

"Na sumu iko wapi?"

"Kwenye hiyo karatasi hakuna sumu."

Mnong'ono ukapita. Kaka mkubwa wa Mwiti akasimama kabla hajaitwa. "Si mmesikia wenyewe? Kisima hakina sumu! Sasa sumu ilitoka wapi kama si kwa kikombe?"

"Kaa chini," chifu alisema, lakini alikuwa ameanza kuikunja karatasi aiweke kwenye faili. Karwirwa hakulia. Alimtazama Lydiah tu, jicho la mtu aliyeahidiwa kitu na jirani akaona jirani amemletea kingine.

Lydiah alikuwa amepanga maneno tangu Embu, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho. Yote yalimtoka.

"Hewa hiyo haikutoka kisimani," akasema. "Nilipima hewa ya uani kwetu. Mume wangu aliijazia nyuma ya zizi, kwa sababu anajua iliyo kisimani. Injini iliteremshwa Jumatatu jioni. Uji wa Karwirwa haukuwa na kitu."

"Mwari!" Mama mkwe aliruka kama aliyemwagiwa maji moto. "Unamuua mtoto wangu! Mbele ya watu!" Akamshika nguo, akamvuta, akamwacha, akakaa chini palepale kwenye nyasi. Wanaume walikuwa wamesimama wote, kila mmoja akipiga kelele zake, na chifu alikuwa akigonga faili kwa mkono bila mtu kumsikia. Ni Murungi peke yake aliyebaki amekaa. Hakukana. Hata hakuinua kichwa.

Karwirwa aliondoka kwenye kiti chake cha plastiki. Alipita kati ya wanaume, nao wakampisha, hadi akasimama mbele ya Murungi. Kelele zikapungua, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia atakavyomtukana. Lakini Karwirwa hakumtukana.

"Ulishika kamba," akasema. "Alikuita?"

Murungi akainua kichwa.

"Nakuuliza tu, Baba Kendi. Wakati alikuwa kule chini. Alikuita?"

"Aliniita," Murungi akasema. "Mara moja. Nikadhani anataka ndoo."